Mafuta ya Baada ya Mpira

Kila nikimpaka binti yangu mafuta ya mgando akitoka kuogelea, ile harufu hunirudisha mtaani Silanga, kwenye dam, lile bwawa ambalo mama alitukataza kuingia.

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha mpira wa majini. Alinifunga mtungi mtupu wa plastiki kiunoni nielee, akanirushia mpira tulioutengeneza kwa mifuko ya nailoni.

"Shika na mkono moja," akasema. "Na usikanyage chini, hiyo matope inashika mtu."

Nilimeza maji machungu, nikalia, kisha nikafunga bao langu la kwanza.

Tulipotoka alinipaka mafuta mwili mzima, maana mama alikuwa na mtindo wa kutukwaruza mkono kwa ukucha. Ngozi ikiacha mstari mweupe, alijua tulikuwa majini. Mpira wetu ulikuwa bado umenasa kwenye magugu ya majini.

"Wewe tangulia," kaka akaniambia. "Nachukua ball nakuja."

Nyumbani mama alinikwaruza. Hakuona mstari.

"Leo mmenisikia," akasema, akapakua ugali na sukuma, akaifunika sahani ya kaka isipoe.

Asubuhi sahani ilikuwa bado imefunikwa.