Bi Ngoja na Kufuli la Mkalimani

Kazini walimwita Bi Ngoja. Hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita hivyo. Jina lilimganda tu. Kikao kikishaanza kwenda mbio, watu wamekubaliana na wameshika vikombe vyao tayari kuinuka, yeye ndiye aliyeinua kalamu na kusema, "Ngoja kwanza." Wengine waliguna, wengine walitazama saa. Lakini walikaa tena, kwa sababu mara nyingi nyuma ya hiyo ngoja palikuwa na jambo.

Kampuni yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vigae. Ilitengeneza visanduku vya kuongoza pampu za maji. Kisanduku kilipima kina cha maji kwenye tangi, kikawasha na kuzima pampu, kisha kikatuma taarifa ofisini kwa mtandao wa simu. Kanuni za kila kituo waliziandika mafundi pampu wenyewe, kwa lugha ndogo ya kompyuta yenye maneno machache. Ndani ya kisanduku palikuwa na programu iliyosoma lugha hiyo mstari kwa mstari na kutekeleza kila agizo papo hapo. Waliiita mkalimani, na aliyemwandika mkalimani huyo ni kaka yake Bi Ngoja.

Kaka alikuwa mkuu wa ufundi. Alimtangulia kuzaliwa, akamtangulia kusoma, na ndiye aliyemfundisha kuandika programu, wakikaa bega kwa bega kwenye meza ya mama yao mbele ya kompyuta kuukuu iliyovuma kama mashine ya kusaga. Mkalimani alimwandika ujanani, peke yake, na alimwonea fahari kama mzazi na kifungua mimba wake. Siku ya kwanza kazini Bi Ngoja alijaribu kumwita Mkuu. Wote wawili waliangua kicheko, na tangu hapo akabaki kuwa Kaka, nyumbani na ofisini.

Mambo yaliharibika asubuhi moja fundi pampu alipopiga simu akiwa amechachamaa.

"Jamani, nimefika kituoni nimekuta bwawa! Maji yanamwagika juu ya tangi, pampu inavuma, na hicho kisanduku chenu kimetulia kama bwana harusi!"

Walipochunguza, walikuta kisanduku ni kizima. Kilikuwa kinatuma taarifa, na mtandao siku hiyo ulikuwa unajikokota. Mkalimani alijua kufanya jambo moja tu kwa wakati mmoja. Alipokuwa akisubiri jibu la mtandao, hakuangalia maji.

Dawa yake ilijulikana: nyuzi. Watu wa programu wakisema uzi, wana maana ya mfululizo wa kazi unaojiendea wenyewe ndani ya programu moja. Uzi mmoja uangalie maji, mwingine utume taarifa, na mmoja ukikwama mwingine uendelee. Mfumo endeshi wa kisanduku, yaani programu kuu inayokiendesha, ulikuwa na uwezo huo tangu zamani. Asiyeuweza ni mkalimani. Nyuzi zote hutumia kumbukumbu ileile ya kompyuta, na uzi mmoja ukisoma kitu wakati mwingine uko katikati ya kukibadilisha, utaambulia nusu ya zamani na nusu mpya. Ndiyo maana huwekwa kufuli: uzi unaotaka kugusa kitu unalishika kwanza, na mwenzake anangoja mpaka liachiwe.

"Mimi naona tuweke kufuli moja kubwa," Bi Ngoja alisema kikaoni. "Uzi ukilishika, mkalimani mzima ni wake. Ukienda kungoja mtandao, unaliachia, wengine wanafanya kazi."

Kaka alitikisa kichwa. "Sasa hapo umefanya nini? Nyuzi zote zinapanga foleni mlango mmoja! Hiyo ni foleni umeivisha suti. Kila kitu kiwe na kufuli lake: kumbukumbu na lake, jedwali la majina na lake, taarifa na lake. Kila uzi ushike unachohitaji tu."

"Ngoja kwanza, Kaka. Makufuli yakiwa mengi..."

"Unaogopa kazi?"

Watu walicheka. Bi Ngoja alihisi masikio yakimwaka moto. Angeweza kubishana na mkuu wa ufundi, lakini kubishana na kaka yake mbele za watu kulimshinda. Alikwenda kuanza kazi, kwa makufuli mengi kama Kaka alivyotaka.

Kazi ilikula miezi. Aliishi na mama yake, ambaye kila akimuuliza mwanawe anafanya nini siku hizi aliambiwa nyuzi na makufuli. Mama hakuona sababu ya kuwaficha majirani habari njema kama hiyo. Jumamosi moja jirani wa nyumba ya pili alibisha hodi akiwa na kufuli la geti lililoshika kutu.

"Mama amesema wewe ndiye fundi wa makufuli na nyuzi. Na ukimaliza, kuna sketi yangu imefumuka hapa pembeni."

Bi Ngoja alimtazama mama yake. Mama alikuwa amegeukia sufuria, mabega yakitikisika kwa kicheko. Bi Ngoja alilipaka kufuli mafuta, likafunguka. Sketi aliirudisha na pole.

Hatimaye mkalimani mpya akawa tayari. Walimweka kwenye kisanduku cha majaribio, kilichounganishwa na pipa na pampu ndogo pale kwenye chumba cha nyuma. Alikwenda vizuri ajabu, na Kaka alipita akipiga mluzi. Kisha siku moja, watu wakiwa wanakula mchana, msafishaji wa ofisi alipaza sauti kwamba chumba kinafurika. Kisanduku kilikuwa kimeganda. Taa zinawaka, pampu inavuma, lakini hakuna uzi hata mmoja uliosogea.

Bi Ngoja alikizima, akakiwasha, kikaenda kama kawaida. Hapo ndipo palipompasua kichwa: kosa lililokuja lilipotaka na kuondoka likiitwa. Alikunja miguu ya suruali, akakaa kwenye chumba kile chenye maji, akiandika kwenye ubao ni uzi upi unashika kufuli lipi, na wapi. Msafishaji alimzunguka na dekio lake.

Alilipata. Mkalimani alikuwa na mfagiaji wake, uzi uliokusanya vitu visivyotumika tena ili kumbukumbu isijae. Mfagiaji alishika kufuli la kumbukumbu, kisha akahitaji la jedwali la majina, yaani orodha ya vitu vyote vilivyopewa majina, ajue nini bado kinatumika. Uzi wa kupima maji nao, ukitaka kukipa jina kipimo kipya, ulishika la jedwali la majina, kisha ukaomba la kumbukumbu. Wakikutana vibaya, kila mmoja ameshika analotaka mwenzake, na hakuna wa kuachia. Wangesubiriana hadi umeme ukatike.

Alirekebisha: wote washike kwa mpangilio mmoja, kumbukumbu kwanza. Wiki iliyofuata kisanduku kiliganda tena, safari hii kwa makufuli mengine. Akarekebisha hilo, likaibuka jingine. Ndipo alipokata shauri. Alirudi kwenye nakala ya zamani, akaweka kufuli moja kubwa, na ikafanya kazi kabla juma halijaisha. Kisha akapiga moyo konde, akaingia chumbani kwa Kaka na kufunga mlango.

"Nimetoa makufuli yako yote," alisema.

Kaka aliacha kuandika. "Bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa. Ukikataa ningekutii, na kisanduku kingefurisha kituo cha watu tena."

Kaka hakugomba. Aligeuza kiti, akatazama dirishani. Hilo lilimuumiza Bi Ngoja kuliko kama angefoka. Jumapili hiyo hakuja kula kwa mama yao kama kawaida yake. Mama aliweka sahani yake mezani hivyo hivyo, akamuuliza bintiye, "Mmegombana?" Akajibiwa kwamba ni mambo ya kazi. "Mambo ya kazi hayakati hamu ya chakula," mama alisema, akaiondoa sahani.

Katikati ya wiki Kaka alisimama kwenye meza ya Bi Ngoja, macho mekundu kidogo.

"Hilo kufuli lako lina kasoro," alisema.

Bi Ngoja alijiandaa kwa vita. "Kasoro gani?"

"Njoo uone."

Kaka alikuwa amekaa na programu ya mdogo wake siku zote hizo. Alikuwa ameandika uzi usiosubiri chochote, unaopiga hesabu tu, na uzi wa maji ukafa njaa: hakuna kilichoufanya ule wa hesabu uachie kufuli. Bi Ngoja alilitazama jambo hilo. Hakuwa ameliwaza kabisa.

"Tuuhesabie maagizo," alisema. "Yakifika kiasi fulani, uachie, wengine wapate zamu."

"Nimejaribu. Unaachia na kulidaka tena palepale, kabla mfumo endeshi haujawaamsha wenzake. Kama mtoto anayekubali kutoka kwenye bembea halafu anarukia tena." Alivuta kiti. "Lazima uachie, halafu ukae mpaka mwingine ameshalishika kweli. Sijui kuiandika vizuri hiyo sehemu. Wewe umeshinda na haya makufuli kuliko mimi."

Waliiandika pamoja, bega kwa bega, kibodi ikipita mikononi mwa mmoja hadi kwa mwingine. Waligombania jina la kila kitu. Mchana mtu wa mapokezi aliwaletea chai, ikapoa.

Kituo kile kilichofurika ndicho kilichopata mkalimani mpya wa kwanza. Fundi pampu hakutaka maelezo. Alichomoa antena ya kisanduku katikati ya kutuma taarifa, akakunja mikono, akasimama kulitazama tangi. Maji yalipanda, yakafika kwenye alama, pampu ikazima. Alichungulia ndani kuhakikisha.

"Kumbe mnaweza," alisema, akaenda kunawa.

Wakiwa njiani kurudi, Kaka, akiendesha gari, alisema kwamba kuanzia mwezi ujao mkalimani atakuwa chini ya Bi Ngoja, na mtu yeyote anayetaka kumgusa, yeye Kaka akiwemo, atapitia kwake. Bi Ngoja alitarajia kufurahi. Alichohisi ni woga, kama wa mtu aliyepewa kumbeba mtoto mchanga wa watu. Alimuuliza Kaka kama ana uhakika.

"Sina," Kaka alisema. "Lakini nilidhani makosa ya mkalimani nayajua yote mimi, na bado ulipata mengine. Mpigie mama simu, mwambie leo tunakula kwake wote wawili."