Mkato wa Mgongo Uliopinda

Zamani mtu akishonewa nguo, nguo ilimjua. Ilijua kitambi chake, ilijua ukaidi wa makalio yake, ikamsitiri bila kumsema. Siku hizi watu wanafungua marobota, wanavaa vitu vilivyokatwa kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa bado, kisha wanasimama mbele ya kioo wakidhani kosa ni la mwili. Katika mtaa ambao kila mlango ulikuwa na cherehani, amebaki fundi mmoja, mwanamke anayeitwa Bi Pindo kwa kuwa hajawahi kuona upindo uliolegea akanyamaza, hata uwe kwenye suruali ya hakimu.

Aliyemfunza ni Mzee Mkasi, na Mzee Mkasi alikuwa na mkato wake wa watu wenye migongo iliyopinda. Nguo ya kawaida mtu wa namna hiyo akiivaa hupanda nyuma na kuburuzika mbele. Ya Mzee Mkasi ilitulia kama maji mtungini. Hakuiandika siri hiyo popote. Alimsimamia Bi Pindo nyuma, na chaki ikikosea alimchapa vidole. Ndivyo ufundi ulivyoingia mwilini enzi hizo. Sasa mzee amestaafu, mikono inamtetemeka, na Bi Pindo anatafunwa na hofu moja: mkato ule umebaki kwenye vichwa viwili, na wanafunzi hawaji. Wanaokuja wanataka kuwa mafundi kabla chai haijapoa.

Dukani kwake ipo kompyuta kuukuu inayonguruma kama paka mwenye mafua. Humo ana programu ya kuchora na kuchapa vipande vya kukatia nguo. Ni programu huria: hakuna anayeiuza, imetengenezwa na watu waliotawanyika duniani, na yeyote akiona ina upungufu anaruhusiwa kufungua maandishi yake ya ndani, kurekebisha, na kuwatumia wenzake wakague. Haikuwa na mkato wa mgongo uliopinda. Bi Pindo akawaandikia kulalamika. Akajibiwa na mkaguzi mmoja anayejiita Kobe, aliye nchi ya mbali ila anaandika Kiswahili: "Kweli hatuna, dada. Ulete wewe."

"Nilete mimi?" Bi Pindo akamgeukia mumewe, kinyozi wa chumba cha pili, aliyekuja kuazima ufagio. "Nimekwenda kudai, nimepewa kazi!"

"Unayataka mwenyewe, mke wangu. Lakini siri si yako peke yako. Mwenyewe yu hai."

Basi akaenda kwa Mzee Mkasi, akamkuta barazani anagombana na redio. Akamweleza.

"Yaani kila mtu atauona?" mzee akauliza.

"Kila mtu, baba."

"Hata yule fundi hayawani wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa akinichungulia dirishani?"

"Yule alishakufa, baba."

"Ah. Mungu amrehemu." Akapunguza sauti ya redio. "Haya, wape. Lakini ikitoka nguo mbovu, unautoa huko siku hiyohiyo. Bora mkato ufe na heshima kuliko kuishi ukichekwa."

Bi Pindo akaingia kazini. Kila asichokijua alikisoma kwenye maelezo ya programu, akakosea, akarudia, kama alivyojisomea mambo mengi maishani bila kuvikwa joho na mtu. Akageuza kila mstari wa chaki kuwa hesabu: urefu wa mgongo, kimo cha nundu, upana wa kwapa. Akatuma. Kobe akajibu kwamba kwao hakuna kitu kinachoingia bila kujaribiwa. Atachapa, atakata, atashona blauzi ya mama mkwe wake, ambaye mgongo wake umepinda.

Picha ikaja. Blauzi moja, na ndani yake watu wawili: Kobe na mkewe, kila mmoja ametoa mkono mmoja, wanacheka. Chini ameandika: "Dada, bado nafasi ya mama mkwe ipo."

Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Pindo hakucheka. Hii ndiyo nguo mbovu, na ahadi ni ahadi. Akafunga duka, akaenda kwa mzee akiwa na picha ile kwenye simu, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeunguza hariri.

Mzee Mkasi akaisogeza simu, akaikuza picha, akahesabu mishono. Halafu kifua kikaanza kutikisika. Bi Pindo akadhani ni kikohozi. Kilikuwa kicheko.

"Akiba ya mshono, mwanangu! Umewapa vipimo vyangu?"

"Vilevile, baba."

"Vipimo vyangu vina akiba tayari. Vidole vitatu vya kitambaa cha ziada kila ukingo, mteja akinenepa tumfungulie. Na hicho kidude chako, hakiongezi tena?"

Bi Pindo akajipiga paji la uso. Programu huongeza akiba ya mshono yenyewe, kila kipande. Na mkato wa mgongo uliopinda una vipande vingi. Mkono wake ulikuwa umeizoea akiba hata ukasahau kuwa ni nyongeza.

"Basi nautoa, baba. Tulikubaliana."

"Unautoa uende wapi? Mimi nilikufundisha kutupa nguo au kufumua? Nenda kafumue!"

Akafumua. Kobe akairudisha kazi: kwapa linabana. Bi Pindo akarekebisha. Kobe akairudisha tena: maelezo hayaeleweki. Mwingine angenuna, kama vijana wa leo wasiotaka kuambiwa neno. Bi Pindo alikuwa akiimba. Miaka mingi hakuna aliyemrudishia kazi. Wateja huvaa na kuondoka. Kumbe bado kuna watu duniani wanaogeuza nguo ndani nje kabla ya kusema ni nzuri.

Siku kazi ilipokubaliwa, Bi Pindo alikuwa na pini midomoni, anampima mteja, hawezi kupiga kelele. Akaonyesha skrini kwa kidole huku akirukaruka. Kinyozi akachungulia, akasoma, akapiga vigelegele yeye, mwanamume mzima, mteja wake akiwa amenyolewa upande mmoja.

Jioni Mzee Mkasi aliiangalia picha mpya: mama mkwe wa Kobe na nundu yake, blauzi imetulia nyuma na mbele, kidevu juu.

"Kwa hiyo sasa wanaoujua ni wangapi?"

"Yeyote anayetaka, baba."

Mzee akakuna ndevu, akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba.

"Kesho njoo na chaki. Kuna mkato wa mtu ambaye bega moja limeshuka."

"Baba! Huo hukunifundisha!"

"Enzi zile ulikuwa na mdomo mno," akasema mzee. "Njoo mapema."