Mkono Ndani ya Mfuko

Tulikuwa wanne penye mitumba katika soko la Otonglo: mimi, mtoto wangu mgongoni, muuzaji, na mama aliyekuwa akichagua soksi. Nilichagua suruali ya rangi ya chungwa na kizibao cha kiume chenye maua, nivae Jumamosi tukitembea ziwani. Muuzaji akakinyakua kizibao, akachokora mfuko, akatoa mkono uliofumbwa.

"Amepata dola mfukoni," mama wa soksi akaninong'oneza.

"Fungua mkono, mama," nikamwambia muuzaji.

Akafungua. Ilikuwa pini yenye kutu.

"Huyo mtoto wako anashikashika kila kitu," akasema, akaitia kwenye kopo lililojaa pini.

Tunavaa nguo za watu tusiowajua bila wasiwasi, kisha tunamshuku anayetuuzia.

Jumamosi mtoto alilala mapajani pangu kando ya ziwa, mkono wake ndani ya mfuko wa kizibao.