Kibuyu cha Dawa ya Magoti

Mjukuu wangu mwenye duka la dawa Mikumi huniletea kopo la vidonge vya viungo. Kopo lina picha ya mzee wa Kizungu anakimbia huku anacheka. "Bibi, humu kuna binzari, kuna tangawizi, vyote vya asili," ananiambia, utadhani binzari imeanza kuota jana. Namshukuru, nameza kimoja mbele yake ili afurahi, halafu asubuhi nakoroga mlonge kwenye uji wangu kama siku zote. Magoti yanauma vilevile. Lakini sikushika kalamu kuandika habari ya magoti yangu. Nataka kuandika ya mama.

Nilisoma madarasa mawili tu, kwa hiyo anayesoma anivumilie. Majina ya watu wote wa kambi ile ya mkonge tuliyokaa ninayo kichwani, mpaka ya watoto waliokufa kabla hawajajua kutembea. Sitayaandika. Wana wajukuu wao, na kosa ninalolieleza ni langu peke yangu.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, na upande wetu wa Chanzuru mkonge ulikuwa umefika kila mahali jicho linapofika. Baba alikuwa manamba, aliletwa kwa treni kutoka mbali kuja kukata mkonge, akamkuta mama, mtoto wa hapahapa Kilosa, watu wa Zombo. Tulikaa kambini, chumba kimoja, ukuta mmoja na jirani, ukipiga chafya upande huu unaombewa afya upande wa pili. Baba alikata majani, akayafunga mafungu ya thelathini thelathini, akayabeba begani mpaka kwenye reli ya troli. Mama alikuwa kwenye singa, ndizo nyuzi zenyewe za mkonge. Nyuzi zikitoka kwenye mashine zimelowa maji, nzito kama mtoto wa miaka mitano, na wanawake walizibeba kwenda kuzianika juani kwenye nyaya. Maji yale huwasha. Yalimtiririkia mapajani mpaka kwenye nyayo, kila siku, kuanzia alfajiri.

Magoti yakamvimba. Akiinama kuchochea moto nilisikia yanalia, kama mtu anavunja vijiti vikavu.

Bibi, mama yake mama, aliyaona magoti hayo siku moja tulipokwenda Zombo msibani. Kesho yake akaanika majani ya mlonge kivulini, akayatwanga, akachanganya na binzari na tangawizi vilivyokaushwa, na ufuta uliokaangwa kidogo. Akatia kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. "Kijiko kimoja kwenye uji wa asubuhi," akamwambia mama. "Na jioni jipake mafuta ya nyonyo ya moto. Usiruke hata siku moja. Hii si dawa ya leo na kesho, hiki ni chakula cha mifupa."

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana ndiyo iliyotuumiza. Dawa ya nyumbani hailipiwi. Kama mgonjwa bado anaumwa, kibuyu kitupu anakirudisha mtoto, kinajazwa, anarudi nacho. Lakini mgonjwa akipona, chombo anakirudisha mwenyewe, kwa miguu yake, kikiwa na unga mpya wa nafaka, ili aliyemtibu amwone anavyotembea. Aliyepona akimtuma mtu, huyo amemtukana aliyemtibu.

Basi mimi nikawa mtoto wa kibuyu. Nilifuatana na wanawake wa Zombo waliokuja kuuza vyungu Kilosa. Tulivuka mto Mkondoa, tukalala njiani kwa shangazi wa mmoja wao, siku ya pili tukafika jua likiwa utosini.

Bibi alinipokea kwa utani, kama bibi zetu wote. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mke mwenzangu! Umekuja kuniibia mume tena?" Na babu mwenyewe alishakufa zamani. Ananilisha, ananijazia kibuyu, anauliza magoti ya mama. Namjibu kama mama alivyonituma: "Anaendelea vizuri."

Nikirudi kambini, mama alikipokea kibuyu, na kila alfajiri alitia kijiko kimoja kwenye bakuli la uji. Bakuli la baba.

Nilimwuliza mara moja tu. Akanivuta nyuma ya jiko. "Baba yako magoti yake nayo yamekwisha," alisema. "Kipande chake cha siku za kazi kisipojaa, nyapara anatutoa chumbani. Mimi nikichechemea naanika polepole, nani anajali? Na wewe ufunge mdomo wako." Kwa baba alisema, "Dawa hii mama mkwe wako amekutumia wewe." Baba alikunywa kwa heshima, hata kusonya kwa ile ladha ya binzari alijizuia. Baada ya miezi michache nikamwona anachuchumaa bila kushika ukuta. Sijui kama ni mlonge au ni ile furaha ya kupendwa na wakwe. Ila alichuchumaa.

Mama yeye akaanza kushuka kizingiti kwa makalio.

Safari ambayo sitaisahau ilikuwa kabla ya masika. Nilimkuta bibi amelala ndani mchana, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alikuwa amekonda, anakohoa mpaka anashika mbavu. Mdogo wake, ambaye nilimwita bibi mdogo, ndiye aliyekuwa anampikia. Bibi akajiinua kidogo kwenye kitanda cha kamba. "Mke mwenzangu, niambie kweli. Mwanangu anaendeleaje?"

Nilitumwa kusema anaendelea vizuri. Lakini nilimtazama yule mtu alivyobaki macho na meno, nikataka acheke. Ningempa chochote. Nikasema, "Amepona, bibi. Juzi kwenye harusi alicheza mpaka akatuzwa kanga."

Akacheka. Akajaribu kupiga kigelegele, kikakatika kwenye kikohozi, akacheka tena. "Umesikia?" akamwambia mdogo wake. "Amecheza! Yule yule niliyemkanda kama unga!"

"Nimesikia," bibi mdogo akajibu. "Basi na atuletee hiyo kanga tuione."

Nikamnyooshea bibi kibuyu nikisubiri akijaze. Akakirudisha mikononi mwangu kikiwa kitupu. "Cha mtu aliyepona hakijazwi, mama. Mpelekee mwenyewe, aje nacho. Mwambie namngoja. Nikimwona anaingia hapo uani kwa miguu yake, nimemaliza kazi."

Ningeweza kusema pale pale kwamba nimedanganya. Mdomo ulikuwa wangu. Nikaogopa kumnyang'anya kicheko chake, nikaondoka na kibuyu kitupu.

Mama alikitikisa kwanza, akadhani nimemwaga njiani. Nikamweleza. Nilisubiri kofi, halikuja. Alikaa juu ya gogo la kupasulia kuni, akakigeuza kibuyu, akakipigapiga kitako. Likadondoka vumbi kidogo la njano kwenye kiganja. Akalilamba. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona mama yangu anakula dawa yake.

"Kesho nirudi nikamwambie?" nilimwuliza.

"Wanawake wa vyungu wameshaondoka. Utafuatana na nani?"

Kisha mvua zikaanza. Mkondoa ukafurika, njia ikafa, hakuna aliyekwenda wala aliyekuja. Kila jioni baba akiwa hajarudi, mama alijifunza kutembea. Nasema kujifunza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alishika ukuta wa kambi, chumba hadi chumba, na jirani mmoja mcheshi alikuwa akimtania, "Mwali kafika chumba cha tano leo! Kesho tumtoe ngoma!" Mama alicheka naye. Usiku alijifunga majani ya nyonyo yaliyopashwa moto. Alikuwa ameshaweka unga wa mtama kwenye kile kibuyu, na mdomo wake kauziba kwa gunzi. "Maji yakipungua tu," aliniambia. "Hata nikichukua siku nne."

Maji yalipopungua, wanawake wa vyungu walikuja bila vyungu. Bibi alikuwa amezikwa siku tatu kabla.

Mmoja wao, mtu mwenye midomo, akamwambia mama bila kumtazama: "Alihamishiwa mkeka barazani, upande wa njia. Mvua inanyesha, yeye anasema mwanangu ana miguu mizima, atapita hata kwenye matope. Mwishowe akawa haulizi tena."

Baba aliazima baiskeli kwa mwenzake. Alimpakia mama nyuma, kibuyu mapajani, akaisukuma kutoka kambini mpaka Zombo, mimi nyuma nashika tandiko asianguke. Mbele ya Kilosa, kwenye kilima, baba alisimama kupumua. Akasema, "Mama mkwe amenitibu mimi, wewe akakusahau?"

Mama hakuwa na nguvu tena ya kuficha. "Ilikuwa yangu," alisema.

Baba alitazama magoti yake mwenyewe, muda mrefu. Kisha akashika usukani akaendelea kusukuma. Alisukuma kwa nguvu mno, kama mtu anayeiadhibu baiskeli.

Bibi mdogo alikuwa barazani na wafiwa. Alipotuona alisema kwa sauti ya kila mtu asikie, "Haya, mcheza ngoma huyo! Miguu mizima, kaja kwa baiskeli kama karani!"

Mama akamwambia baba asimame palepale, penye mgomba wa kwanza. "Nishushe. Nitaingia kwa miguu." Aliweka mkono mmoja begani mwangu, mwingine ukakumbatia kibuyu. Kutoka pale mgombani mpaka barazani mtoto anarusha jiwe likafika. Tulikwenda, tukasimama, tukaenda. Nilihisi uzito wake wote kwenye mfupa wangu wa bega. Hakuna aliyecheka. Hatua chache kabla ya mkeka magoti yakakataa, akakaa chini kwenye udongo, kanga ikapanda, na watu wote wakayaona.

Bibi mdogo alishuka barazani. Alimpapasa goti moja, kisha la pili, akaanza kulia. "Huyu hajapona! Huyu hajapona hata siku moja! Tungekwenda kukuchukua, mwanangu. Tungekubeba kwa machela. Nani alimwambia dada yangu umepona?"

Mkono wa mama ulikuwa bado begani mwangu. Nilifungua mdomo. Aliniminya kwa vidole, kwa nguvu, mpaka ukucha ukaingia.

"Nilimtuma mtoto aseme hivyo," alisema mama. "Ni uongo wangu."

Nikafunga mdomo.

Kibuyu hakikupokelewa na mtu, maana aliyepaswa kukipokea hayupo. Tulirudi nacho. Mama alitembea kwa fimbo mpaka mwisho wa maisha yake, na ndugu zetu wa Zombo, kila wakikaa msibani, walisimulia habari ya binti aliyemdanganya mama yake, akamwacha anatazama njia mpaka akafa. Walisimulia mbele yake. Yeye aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, msichana, kisha mke wa mtu, kisha mama, kisha bibi, nasikiliza.

Waliobaki wa ukoo ule sasa ni wajukuu na vitukuu. Nitawapa karatasi hizi wazisome kwa sauti siku ya arobaini yangu, watu wakiwa wengi. Mama hakumtuma mtoto kusema amepona. Alinituma niseme anaendelea vizuri. La kupona na la ngoma na la kanga, yote niliyasema mimi.