Lita Tano za Kwenda Kambove

Harufu ya mafuta ya gari siivumilii mpaka leo. Nikipita kituo cha mafuta nafunga kioo, na wanangu hunicheka, wakidhani nadeka. Hawajui kwamba harufu hiyo ndiyo iliyojaa ndani ya kamioneti ya baba asubuhi moja huko Likasi, nilipokuwa msichana wa miaka minane, nikiamini kuwa kabla ya jioni vyombo vyetu vitakuwa nje.

Baba alikuwa dereva wa kampuni ya madini, na gari alilopewa, hiyo kamioneti ya kubebea mizigo, lilikuwa kuukuu, kila likiwaka linakohoa. Ofisini waliona mafuta yanakwisha upesi mno. Kontroleri, yaani mkaguzi, citoyen Kalenga, maana enzi zile kila mtu aliitwa citoyen, raia, alikuja hadi mlangoni kwetu katika kambi ya wafanyakazi. Alikuwa mtu mwembamba asiyepaza sauti, na ndiyo maana nilimwogopa.

"Motokari haikunywaka hivi," alisema. "Kuko muntu njo anakunywa."

"Minye sikunywake esanse, chef," baba alijibu, esanse ikiwa ndiyo mafuta kwetu. "Moteri njo imezeeka."

Basi ikaamuliwa lipimwe. Tangi likaushwe, zitiwe lita tano tu, baba aendeshe kuelekea Kambove mpaka gari lizime lenyewe, kontroleri akifuata nyuma na gari lake. Likifika Kambove, injini ni nzima na baba ni mwizi. Likizima njiani, injini ndiyo mlafi. Mwizi angepoteza kazi, na nyumba ilikuwa ya kazi. Mama alikuwa hospitalini, amejifungua siku mbili kabla. Hapakuwa na mtu wa kuniangalia, kwa hiyo nikapakiwa mbele.

Haya nawaeleza kama ninavyoyajua sasa. Wakati ule nilielewa mambo mawili tu: gari linafanya mtihani, na likifeli tunatolewa nyumbani. Na kwetu shuleni, kuishia njiani ni kufeli. Nikaishika rozari ya mama, nikamwomba Bikira Maria atufikishe Kambove, na akipata nafasi, hata mbele kidogo. Maskini baba, kumbe nilikuwa nikimwombea afukuzwe.

Tulipoziacha nyumba za mwisho, baba alivuta kile kitufe cheusi tulichokiita starteri. Nilikijua vizuri. Kilivutwa asubuhi za baridi ili injini ikubali kuwaka, kisha kikarudishwa ndani. Baba mwenyewe alikuwa amenifundisha kukirudisha, nami nilijivunia kazi hiyo. Lakini siku ile lilikuwa joto la kabla ya mvua, viti vinachoma mapaja. Nikaona amesahau. Nikanyoosha mkono, nikakisukuma.

Akanichapa mkononi. Baba yangu, ambaye hakuwahi kunigusa!

"Acha ile!"

Akakivuta tena, macho kwenye kioo cha nyuma. Sikulia kwa maumivu. Nililia baadaye, gari lilipoanza kupiga chafya, likatoa moshi mweusi, likazima, na Kambove bado haijaonekana.

Kontroleri alishuka, akasoma kilomita, akaandika. Kisha akayaona machozi yangu.

"Kamama, papa alikufanya nini?"

"Alinipika."

Kwetu Katanga kumpika mtu si kumtia chunguni, ni kumpiga tu. Ila nilipomtazama baba, jasho likimchuruzika hadi kidevuni, ungedhani yeye ndiye aliyekuwa jikoni.

"Juu ya nini?"

Baba aliinama kuchungulia tairi.

"Juu nilikuwa nagusa-gusa vitu," nikasema kwa aibu.

Kontroleri akacheka, akafunga daftari. "Batoto beko vile."

Tukabaki na nyumba. Mdogo wangu akaletwa humo kesho yake, akiwa amefungwa kitambaa kipya.

Nilikuwa mtu mzima, nina gari langu la zamani, fundi mmoja aliponigombeza: "Starteri ukiiacha inje, mama, moteri inakunywa mara mbili." Nikakaa juu ya tairi palepale gereji: kumbe siku ile baba hakuwa amesahau.

Baba alikuwa bado hai. Labda injini ilikuwa mlafi kweli, naye aliogopa tu kwamba kipimo hakitamtetea. Labda mkate na sukari ambavyo havikukosekana mezani kwetu vilitoka kwenye lile tangi. Jumapili nilimpelekea samaki wa ziwa Tshangalele kama kawaida, tukala, akanisifia upishi. Swali lilinifika mdomoni, nikalimeza pamoja na tonge. Niliona heri nibaki mtoto aliyepigwa bure kuliko kuwa binti aliyemfumania baba yake.