Mawe Mekundu Yaliyopanda Mlima

Maji ya mto yalipoingia kwetu, ng'ambo ya Mugunga kwenye barabara ya Sake, yalikuja na vyoo vya watu wote wa juu. Tope lile lilifika kwenye magoti yangu ndani ya nyumba. Tulilikomba siku nne kwa sahani za plastiki, na harufu ilibaki ndani ya magodoro. Hata sasa nikila maharage naisikia.

Ndiyo maana nilifurahi mainjenia wawili walipokuja kutoka mjini kupanga namna ya kuzuia mto. Walipatia kila nyumba jiwe moja la volkeno lililopakwa rangi nyekundu. Tuliweke pale maji yalipoishia, wakasema, watarudi baada ya juma moja kupima, na kwa mawe yale watajua ukuta upite wapi.

Lakini sisi tuliishi kambi ya wakimbizi miaka mingi. Tulijifunza huko kwamba aliyeandikwa ndiye anayekula. Siku ya pili habari ilizunguka kwamba mawe ni liste, orodha ya watakaosaidiwa, na nyumba iliyo chini ya jiwe lake itapata mabati. Basi mawe yakaanza kupanda. Jirani yetu, muzee anayeuza makala, yale makaa ya kupikia, alibeba lake mpaka kwenye ukuta wa kanisa, juu kabisa, ambako hata mvua haisimami. Alishuka akijipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

Mama aliniambia nibebe letu mpaka mlimani, nyuma ya migomba.

"Mama, maji haikufika huku."

"Weka hapo. Unataka watuache inje ya liste?"

Nikaliweka. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, ikanishika viganjani. Nilijisugua kwa majivu na bado nilijiona mchafu.

Mainjenia walirudi, wakapima, wakaenda. Baada ya majuma kadhaa walituita kanisani, wakatandika karta kubwa, ramani ya mto na nyumba zetu, juu ya meza. Mmoja akaeleza polepole. Pesa hazitoshi kujenga ukuta kote. Pale maji yanapofika karibu tu, ukuta utajengwa kando ya mto. Pale yanapotapakaa mbali, mto utaachiwa nafasi yake, na watu watahama. Akapitisha kidole juu ya sehemu yetu. Yote ilikuwa ya mto.

Kisha akauliza kama mawe yale tuliyaweka wenyewe.

"Ni sisi wenyewe," shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, akajibu, kifua mbele. "Hakuna hata moja tuliweka vibaya."

Mimi siwezi kusema mbele ya watu. Hata shuleni nilipoitwa ubaoni nilikuwa nalia. Lakini niliona nyumba yetu chini ya kile kidole, na miguu ikasimama yenyewe.

"Ile ya kwetu niliipandisha miye," nikasema. "Maji iliishia kwa mlango wa jikoni."

Mama akanivuta nguo. Muzee wa makala akasema, "Mutoto iko na malaria," na watu wakacheka.

Injenia hakucheka. Aliuliza nani mwingine alipandisha jiwe. Nilimtazama yule muzee. Alikuwa anasafisha kucha zake kwa kijiti. Hakuna mkono ulioinuka, hata wa mama yangu. Injenia akaniambia kwa upole kwamba jiwe moja haliwezi kugeuza mstari wa kwenye karta. Akakunja karta.

Nje watu waliulizana wanaohamishwa watapewa mabati mangapi.

Tulipofika nyumbani mama alikaa juu ya ndoo, akasema, "Ungenyamaza, wangetuandika wa kwanza."

Siku tatu watu walingoja mabati. Mabati hayakuja, yalikuja matangazo ya kuhama. Siku ya nne nilichukua nyundo nikaanza kung'oa misumari ya jikoni, na mama akaja kunishikia mbao, uso ameugeuzia upande mwingine.