Mabadiliko ya Ndani

Kwa kuandika ujumbe mfupi nilijiona bingwa. Kazi yangu Nyarugusu ilikuwa kutunza mfumo wa simu ambao wasimamizi wa maduara, yaani mashimo ya dhahabu, walitumia kuandikisha nani ameshuka na nani ametoka. Wiki ile tulikuwa tumeujenga upya kwa ndani. Zamani sehemu zake zote zilishikana, moja ikigoma zote zinagoma. Sasa kila sehemu inajitegemea. Kwa mtumiaji, vitufe ni vilevile.

Nilianza kuwaeleza hayo kwa kirefu, nikafuta. Nani atasoma? Kwa namba ya ofisi nikawatumia wasimamizi wote mistari miwili: "Mabadiliko ya ndani yamekamilika, ni salama. Endeleeni na kazi kama kawaida." Nikajipongeza kwa chai na chapati mbili.

Kesho yake asubuhi nikapita kwa msimamizi mmoja, mzee wa Kisukuma ninayemheshimu sana. Duara lake lilikuwa limefungwa. Matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo zisianguke, yalikuwa yameoza, na alisubiri ofisi ilete mafundi wayabadilishe. Nikashangaa kuona kamba ya shimo inacheza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wabeja sana, asante kwa taarifa."

"Taarifa ipi?"

"Si ile ya ndani? Nikajua mafundi wamepita usiku. Watu sita wameshashuka."

Jamani, ndani! Huku machimboni ukiuliza mtu yuko wapi, ukaambiwa yuko ndani, hakuna anayefikiria nyumba. Ndani ni shimoni. Mimi mwenyewe nalisema neno hilo hivyo kila siku, na sikuliona.

"Mzee, watoe! Nilimaanisha ndani ya simu!"

"Simu nayo ina ndani?"

Alinikodolea macho. Kisha akaelewa, akaivuta kamba mara tatu kwa nguvu, akainama mdomoni mwa shimo na kuita kwa Kisukuma. Wakaanza kutoka mmoja mmoja. Watano walitoka upesi, wa sita akakawia. Nilisikia udongo ukidondoka huko chini, kidogo kidogo, na nikaogopa hata kupumua.

Alipotoka, kope zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. "Matimba ya chini yanalia," alisema, akaomba maji.

Nikakaa chini nikalia kwa aibu, nikawaomba radhi. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu ulikuwa unaponza vichwa vya wenzangu. Mzee hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ujumbe huo ulinitumia mimi peke yangu?"

Niliwatumia wote. Na maduara yaliyokuwa yakisubiri matimba yalikuwa mawili. La pili liko ng'ambo ya kilima. Nikampigia msimamizi wake. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena.

"Yule hushuka na watu wake," mzee alisema. "Simu huiacha juu."